Siku Tulipoiteka Kiu

Wiki iliyopita, katika darasa letu la kompyuta hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Esperansi aliinua mkono. Esperansi ni binti wa Kirundi anayekaa benchi la mbele, na swali likishamkaa kooni huwa halimezeki. Akauliza, "Mama Sajini, kompyuta ya jeshi inarusha bomu?"

Darasa lote likageuka kunitazama. Hata Inosenti, ambaye hulala amekaa wima kama mlinzi wa benki, alifumbua jicho moja.

Siku ile niliwajibu kwa ufupi kwa sababu umeme ulikuwa unatutishia. Leo nawaandikia jibu zima. Wanangu, kompyuta niliyoitumikia mimi haikuwahi kurusha hata jiwe. Ilihesabu maharage, dizeli, soksi, na viatu vya mguu wa kushoto, ambavyo kwa sababu nisiyoijua mpaka leo huwa vingi kuliko vya kulia. Siku moja tu ndiyo ilijaribu kupigana vita. Siku hiyo ilipigana na sisi wenyewe, na ilikaribia kushinda.

Mimi ni Koleta, sajini mstaafu. Nilizaliwa Masha kwenye ng'ombe, nikasomeshwa na masista wa Nyamitanga, na sasa nina nyumba na migomba yangu Kakiika. Masista walinifundisha kupiga taipu huku vidole vimefunikwa kitambaa nisivione, kwa hiyo jeshi liliponiuliza ninajua nini, nikasema najua kuandika gizani. Wakanipeleka kwenye redio. Kiswahili nilikikuta huko, na kilikuwa cha kuamrisha tu: simama, lala, geuka nyuma. Maneno ya kuongea na binadamu mmenifundisha ninyi na mama zenu.

Aliyenilea kazini ni Luteni Nansamba, mama mwembamba mwenye sauti ya kukata bati. Alikuwa akituambia, "Ukishika redio, kwanza mfikirie aliye upande wa pili. Amenyeshewa, ana njaa, anataka kujua jambo moja. Mwambie hilo." Tulidhani anatuchosha. Mpaka siku mwenzetu mmoja alipotuma ujumbe mzuri sana kutoka porini, wenye salamu, wenye shukrani, wenye maneno "tumefika salama", asiseme wamefika wapi. Chakula kikapelekwa kule walikotoka. Walioshiba siku hiyo ni nyani.

Basi, miaka ikapita, redio zikapungua, kompyuta zikaja. Mimi nikahamishiwa kwenye kambi moja nje ya Mbarara, kambi ya nyuma, yenye magari, stoo, jiko, zahanati na bendi. Hapo ndipo nilipokutana na Kapteni Birungi.

Kapteni Birungi alikuwa kijana mwenye miwani, aliyebeba kompyuta yake kifuani kama mtoto mchanga. Moyo wake ulikuwa mwema, nataka mlishike hilo kabla hamjaanza kumcheka. Alikuwa ametoka masomoni wakati amri ilipokuja kutoka juu kwamba kila kompyuta ya jeshi lazima ifuate malengo ya jeshi. Yaani mashine isihesabu tu kwa kuhesabu. Ijue jeshi linataka nini na isaidie kulipata. Ni amri nzuri. Mpaka leo nawafundisha hivyo hivyo. Lakini Kapteni alipewa muda mfupi, akachukua programu iliyokuwa tayari, iliyotengenezwa kwa ajili ya vikosi vya mapigano, akaitia Kiswahili, akaiita Shabaha.

Shabaha ilikuwa hivi. Kila asubuhi kila idara ilijaza ukurasa. Adui ni nani? Yuko wapi? Idadi yake? Leo amepungua au ameongezeka? Akipungua, idara yako inawaka kijani, maana yake mko tayari kwa kazi. Akiongezeka, inawaka nyekundu. Na usipojaza adui, ukurasa haufungiki. Unakupigia kengele mpaka watu wa ofisi ya jirani wanakuja kukutazama.

Sasa kambi yetu haikuwa na vita. Lakini amri ni amri, kila mtu akatoka kutafuta adui.

Koplo Okello, mpishi wetu, alimpata upesi. Akajaza: "Adui: Njaa. Mahali: Tumboni. Hali: Imepigwa mchana, inatazamiwa kurudi jioni." Gereji wakaandika Matope. Daktari wa zahanati akaandika Mbu, na kwenye idadi akajaza tisa nyingi kadiri kisanduku kilivyokubali. Ramani yetu yote, kuanzia Kakiika mpaka ng'ambo ya mto Rwizi, ikawa nyekundu kama nyanya. Sajini Meja Opio, kiongozi wa bendi, akaandika Kutu. Kila asubuhi vijana wake waliisugua kwenye matarumbeta, kila asubuhi ikapungua. Kwa hiyo katika kambi nzima, idara pekee iliyokuwa kijani siku zote ilikuwa bendi. Likumbukeni hilo kidogo, linakuja.

Padri wa kambi, bila shaka, aliandika Shetani. Alipoulizwa mahali, akajaza "kila mahali". Shabaha ikakataa, ikataka abonyeze kwenye ramani. Padri alikusudia kubonyeza zile baa za nje ya geti, lakini kidole chake kilikuwa kinene na skrini ilikuwa ndogo. Ujumbe ukamfikia Kanali, mkuu wetu wa kambi, akiwa mezani na paja la kuku mkononi: "Adui: Shetani. Mahali: Mesi ya maofisa. Hali: Anaongezeka."

Walioshuhudia wanasema Kanali aliliweka chini lile paja la kuku, akatazama kushoto, akatazama kulia. Padri alipoombwa arekebishe, alisema, "Kidole kilikosea, lakini naona tuache hivyo hivyo."

Pamoja na hayo, Kanali aliipenda Shabaha, na alikuwa na sababu. Kulikuwa na maofisa waliozoea kumpigia simu dereva wa boza, lile lori letu la tangi la maji, ili apitie kwenye mashamba yao. Ng'ombe wanakunywa, askari wanasubiri. Kanali akakasirika, akatoa amri mbele ya gwaride zima: "Kuanzia leo boza halisogei kwa maneno ya mtu. Awe nani, awe mama yangu mzazi! Litafuata Shabaha tu." Tukapiga saluti. Ng'ombe wa watu wakarudi kunywa mtoni.

Ndipo pampu ya maji ya huku Nakivale ikaharibika. Baadhi yenu mlikuwa wadogo, lakini mama zenu wanakumbuka. Foleni za jerikeni zilikauka kwenye bomba, na watu wakaanza kunywa maji ya ziwa jinsi yalivyo. Wauguzi wa zahanati wakawa na wasiwasi, maana watoto walikuwa wameanza kuharisha. Kambi yetu ikaombwa msaada. Kanali hakufikiri mara mbili. "Kusaidia raia ndiyo kazi yetu," alisema. "Boza liende kesho asubuhi." Kisha kesho yake alfajiri akaondoka kwenda Kampala kwenye mkutano ambao simu huachwa mlangoni.

Kapteni Birungi akakaa kuingiza safari ile kwenye Shabaha. Mimi nilisimama nyuma yake na chai yangu. Akajaza: Adui: Kiu. Mahali: Nakivale. Idadi: akaweka idadi ya watu wote wasio na maji. Hali: Inaongezeka. Ilipendeza. Ilikuwa kama methali. Boza likatoka getini limejaa, likiendeshwa na Mugume, askari mtiifu kuliko wote niliowahi kuwaona, mtu ambaye ukimwambia "ngoja hapa" unapaswa kukumbuka kurudi.

Tulikuwa hatujamaliza chai Shabaha ilipolia.

Mnakumbuka nimesema ilikuwa programu ya mapigano. Ndani yake, mahali ambapo Kapteni hakuwa amefika kutafsiri, kulikuwa na sheria ya tangu mwanzo: adui akiwa na watu wengi kuliko askari waliotumwa, msimsogelee. Fungeni barabara. Hakikisheni hapati chakula wala maji. Tumeni kikosi kilicho tayari kikamkabili. Na amri zile zilikwisha kwenda zenyewe, moja kwenye tableti ya Mugume, nyingine kwa kikosi cha kijani.

Kapteni aliisoma, akavua miwani, akaipangusa, akaisoma tena.

"Sajini," akasema, "inasema tuizuie Kiu isipate maji."

"Ndiyo, afande."

"Lakini Kiu ikikosa maji..."

"Inaongezeka, afande."

Nje tukasikia lori linanguruma. Lilikuwa limebeba bendi. Sajini Meja Opio alikaa mbele amevaa kofia ya chuma, na ngoma kubwa ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba. Tulipiga kelele, lakini hakuna aliyetusikia, kwa sababu walikuwa wameshaanza kupiga wimbo wa kwenda vitani.

Tukarukia pikapu.

Boza tulilikuta Masha, limekaa katikati ya barabara kwa upana, kama ng'ombe aliyekataa kuuzwa. Pande zote mbili watu walikuwa wamekwama: bodaboda, lori la matoke, na mama mmoja na mbuzi wake. Mugume alisimama mbele ya tangi na bunduki, akiyalinda maji.

"Mugume! Sogeza gari!" Kapteni akapaza sauti.

"Afande, mashini nasema adui iko mbele. Mimi nafunga njia."

"Mashine hiyo nimeitengeneza mimi!"

"Mimi najua, afande. Lakini Kanali nasema hapana sikia mtu. Hata mama yake."

Yule mama wa mbuzi akasogea, akamwita bwana kwa lugha ya kwetu. "Ssebo, adui gani huyo?"

"Kiu, nyabo."

"Kiu? Mbona hata mimi ninayo?"

Mugume akarudi nyuma, akaishika bunduki vizuri.

Tulimpigia Kanali simu. Ililia kwenye kikapu fulani huko Kampala. Kapteni akaweka kompyuta juu ya boneti akajaribu kufuta ule ukurasa. Shabaha ikamjibu: "Adui hafutwi. Adui hushindwa." Maneno yale alikuwa ameyaandika mwenyewe, na siku ya uzinduzi tuliyapigia makofi. Ili adui ahesabiwe ameshindwa, lazima uonyeshe mateka: jina, na picha ya uso, mikono juu.

Wanangu, nimefanya kazi nyingi za ajabu jeshini, lakini sijawahi kuteka kiu. Tulianza na jerikeni tupu. Tukaipiga picha, Shabaha ikasema, "Uso hauonekani." Dereva wa lori la matoke akashauri tumtumie mbuzi. Uso wa mbuzi ulikubaliwa mara moja, bila shida yoyote, ila mikono ndiyo hakuinua. Tulipojaribu kumsaidia, alimpiga Kapteni kichwa cha tumbo. Watu walifurahi sana. Mmoja alisema angelipa ili tuanze upya.

Kapteni akakaa chini, mgongo kwenye tairi la boza, akihema. Kisha akasimama, akavua kofia, akavua shati lenye vyeo vyake, akabaki na fulana. Akaegemea tangi, akainua mikono.

"Piga, Sajini."

"Afande, unatabasamu. Kiu haitabasamu."

Akanuna. Nikapiga. Shabaha ikafikiri, ikafikiri, ikaandika: "Mateka: Kiu. Hongereni." Nyekundu ikawa kijani. Tableti ya Mugume ikalia, naye akapiga saluti, akapanda, akawasha gari. Alipompita Kapteni akatoa kichwa dirishani. "Pole, afande," akasema kwa huruma ya kweli. Akaondoka kwa kasi, na vumbi lote la Masha likabaki kwenye ile fulana.

Huku Nakivale bendi ilikuwa imefika zamani, maana Mugume alikuwa ameipisha kwa amri ya Shabaha. Watu waliposikia matarumbeta walidhani kuna harusi, wakaja mbio. Lakini kwa kuwa walikuwa wakingoja maji, walikuja na jerikeni zao. Mama Furaha, mwenyekiti wa kamati ya bomba, yule mama wa kutoka Kivu Kusini ambaye ninyi nyote mnamwogopa, alimkabili Sajini Meja Opio.

"Papa, siye tulilomba maji, mutuletee muziki? Tutakunywa tarumbeta?"

Opio akamwambia ametumwa kupigana na Kiu. Mama Furaha akamtazama na kofia yake ya chuma, akatazama ngoma. "Haya, umupige," akasema. "Tunaangalia."

Basi wakapiga. Walipiga kila wimbo wanaoujua juani, kwa sababu Opio hakujua kazi nyingine ya kuwafanyia watu wale, na kuondoka aliona aibu. Tarumbeta halipulizwi bila mate. Mmoja mmoja midomo ikawakauka, mpaka ikabaki ngoma peke yake. Mama Furaha akaingia nyumbani, akatoka na kikombe. Yalikuwa maji ya mwisho ya jerikeni yake, aliyokuwa ameyaweka ya uji wa mjukuu.

Sisi tulifika nyuma ya boza, tukamkuta Opio amekishika kile kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Aliponiona akasema, "Sajini Koleta, mimi natumwa kupiga Kiu. Sasa Kiu ndiyo napiga mimi." Macho yalikuwa yamemlowa, na midomo bado mikavu.

Watu wakateka maji. Foleni ilikwenda vizuri, Mama Furaha aliisimamia kwa ufagio. Bendi nayo ilipokwisha kunywa ilianza upya, safari hii kwa raha, na watoto wakacheza kwenye matope ya kwanza waliyoyaona tangu pampu ife. Uji wa mjukuu ulipikwa. Nilihakikisha mwenyewe.

Ilipotulia, Mama Furaha akamwita Kapteni, aliyekwisha kuvaa shati lake, akataka aonyeshwe ile mashine iliyofunga njia. Kapteni hakuficha. Akamwonyesha ukurasa, akamsomea. Mama Furaha akaweka kidole kwenye idadi.

"Hii hesabu ni ya nini?"

"Ni... ni idadi ya watu wa hapa, mama."

"Na iko ku fasi ya adui."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mu mashini yenu, miye niko adui."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Kapteni angejua la kufanya, tunafundishwa. Alisema kama mtu aliyewahi kuandikwa hivyo mahali pengine, na kukimbia. Kapteni akauondoa ule ukurasa kwenye skrini. Kisha akageuza jerikeni, akaikalia, akafungua ukurasa mweupe. "Mama, ungekuwa wewe, ungeuliza nini kwanza?"

"Aa, miye sijue mashini," akasema Mama Furaha. "Miye njo niko nangoja maji. Andika ivyo."

Aliandika. Baadaye, Kapteni na mimi na hata Okello mpishi tulikaa wiki nyingi tukiijenga Shabaha upya kutoka kwenye sentensi ile. Swali la adui likaondolewa, likaja: Nani anangoja? Anangoja nini? Tuliweka pia kisanduku cha kusema "hakuna", maana mtu akilazimishwa kujaza atajaza uongo au atajaza Shetani. Tukaweka na kitufe cha kusimamisha kila kitu, na mtu mwenye jina wa kukibonyeza, hata Kanali akiwa Kampala. Jiko likajaza kwamba askari wanangoja chakula. Bendi ikajaza kwamba hakuna anayewangoja, Opio akasikitika siku mbili, mpaka barua ya mwaliko ilipotoka kwa Mama Furaha. Aliyepinga mabadiliko ni Padri peke yake.

Kwa hiyo, Esperansi, ukiajiriwa na jeshi, au hospitali, au chama cha wauza maharage, watakuambia kompyuta ifuate malengo. Kubali. Halafu toka ofisini, mtafute anayengoja mwisho wa barabara, ukae naye hata juu ya jerikeni. Malengo yaliyo ukutani yameandikwa na watu walioshiba. Na tafsiri programu yote, Inosenti, mpaka chini kabisa, hata usingizi ukikubana.

Ila sijawaambia tulivyorudi kambini siku ile.

Shabaha ilikuwa na bidii. Mateka akishapigwa picha, picha yake ilitumwa kwenye mageti yote. Sisi hatukuwaza. Tulifika jua linazama, tumechoka, Kapteni ameegemeza kichwa kwenye kioo. Getini alikuwepo Akello, askari mpya, msichana mwenye macho makali. Akamulika tochi ndani, akatazama tableti yake, akamulika tena.

"Shuka! Mikono juu! Mateka ametoroka!"

"Akello, huyu ni Kapteni Birungi," nikasema.

"Sajini, picha ni yake. Hata kununa ni huku huku."

Kapteni hakubishana. Nadhani alikuwa amechoka kubishana na kitu alichokitengeneza mwenyewe. Akapelekwa kwenye chumba cha walinzi, akakalishwa chini ukutani, midomo imempasuka, vumbi la Masha mpaka kwenye kope. Tukiwa hapo, gari la Kanali likaingia kutoka Kampala. Kanali akashuka, akachungulia mlangoni, akamwona ofisa wake sakafuni.

"Huyu nani?"

"Mateka, afande!" Akello akajibu, visigino vikagongana.

"Anaitwa nani?"

Akello akatazama kwenye tableti kuhakikisha.

"Anaitwa Kiu, afande."

Kanali alimtazama Kapteni kuanzia kope zenye vumbi mpaka viatu. Uso wake haukucheza hata ukope.

"Mpeni maji," akasema, akaenda kula.